Mkiandika habari za walioacha kazi, waulizeni kodi alikuwa analipa nani

Ndugu Mhariri,

Salamu kwanza, halafu naomba mnivumilie maana barua itakuwa ndefu na mimi sio mwandishi, miaka 11 nimekuwa mhasibu na mhasibu ukimwona anaandika maneno mengi ujue hesabu imegoma.

Kila mwaka ukiingia mwezi wa 12 magazeti, na la kwenu likiwemo, mnatoa zile stori za watu waliobadilisha maisha yao. Nazipenda na nazichukia. Zinaenda hivi, mtu yupo ofisini, hana raha, bosi anamsumbua, siku moja kaamka kaandika barua ya kuacha kazi. Nukta, aya imeisha. Aya inayofuata ana wafanyakazi sita na amepigwa picha kakunja mikono mbele ya mashine anatabasamu, anawaambia vijana wasiogope. Sasa Mhariri mimi mwaka huu, toka mwezi wa 3 mpaka leo naandika, nimeishi kwenye hiyo nukta. Pale kati ya aya na aya. Na nawaambia pale ndani tumebanana, tupo wengi, na kodi ya nyumba inadaiwa kama kawaida.

Nianze na nilivyotoka, maana hata ndugu zangu wengine watajulia hapa. Watu wakiniuliza huwa nasema niliacha kazi. Sikuacha. Wala sikufukuzwa. Kampuni niliyokuwepo ilikuwa inapunguza watu, tukaitwa mmoja mmoja kwenye chumba cha mikutano, ukikaa unapewa karatasi inayosema unaondoka kwa hiari yako mwenyewe na kiinua mgongo kinaongezwa kidogo. Karatasi ya pili ipo pembeni imegeuzwa chini, hawakusomei, ila unaelewa kabisa kwamba ukikataa hii ya kwanza ile ya pili itakufuata yenyewe bila nyongeza. Nikasaini. Kwa hiari. Huku watu watatu wananiangalia mkono. Kiswahili chetu kina kuacha kazi, kuachishwa, kupunguzwa, kusimamishwa, kustaafu, kumwaga unga na kumwagiwa unga, ila neno la mtu aliyesaini hiari yake kwa namna ile sijalipata mpaka leo, ndio maana nikawa nasema niliacha, inasikika vizuri, inasikika kama zile stori zenu.

Na kiinua mgongo nacho niliposikia jina nilidhani mgongo utainuka kweli. Uliinuka miezi minne.

Kitu ambacho sikukitegemea ni swali. Mnajua sisi tukikutana na mtu baada ya salamu tunauliza "siku hizi upo wapi?" na hapo mtu haulizi mtaa, anauliza kazi. Miaka 11 nilikuwa na jibu, nalitoa kabla hajamaliza kuuliza. Mwezi wa 4 nikakutana na mtu niliyesoma naye, akauliza siku hizi upo wapi, nikafungua mdomo hakuna kitu, nikasema "aah, nipo nipo tu." Akacheka, nikacheka, akaangalia simu yake, akasema basi tutafutane. Hajanitafuta. Simlaumu, mimi mwenyewe nikiwa kazini nilikuwa nawafanyia wenzangu hivyohivyo, mtu akisema nipo nipo tu unahisi sentensi inayofuata itakuwa naomba unikopeshe, unaanza kuaga mapema.

Tena "nipo" ni moja na ni habari njema, ila ukiirudia mara mbili na kuweka "tu" inageuka msiba. Anayefundisha Kiswahili atueleze inakuwaje.

Kwenye uhasibu kuna akaunti tunaiita sasipensi. Ikiingia hela hujui imetoka kwa nani, au imetoka hujui imelipia nini, huitupi, unaiweka sasipensi mpaka ijulikane mwenyewe. Haitakiwi kukaa humo muda mrefu, mkaguzi akija kufunga mwaka kitu cha kwanza anachokikodolea macho ni hicho, mbona huku kuna salio, hii hela ni ya nani. Mimi nimefunga sasipensi za watu wengi tu maishani, usiku wa manane, kwa kikokotoo na karatasi. Sasa mwaka huu nikawa mimi ndio salio lenyewe.

Nyumbani je. Hapa ndipo nataka nikae kidogo maana ndipo hizo stori zenu zinaporuka kabisa. Mke wangu anafanya kazi, siku zote amekuwa anafanya kazi, ila mshahara wangu ulikuwa ndio unalipa kodi na ada na wa kwake unajaza palipobaki. Kuanzia mwezi wa 7 kila kitu kikahamia kwake. Hakuna kikao kilichokaa, ni siku tu ilifika mwenye nyumba akapiga simu, mimi nikamwangalia mke wangu, yeye akachukua simu yangu akaongea naye kwa adabu zote, akamtumia hela, akanirudishia simu, akaendelea kukunja nguo. Sikulala siku ile.

Na kuna asubuhi nyingine nilikuwa na intavyuu, sina nauli, na nikawa nazunguka sebuleni natafuta pa kuanzia, mtu mzima wa miaka 41. Mwisho nikasema "mama watoto, naomba unisaidie nauli." Akageuka akanitazama kama nimemtukana. "Nikusaidie? Mimi jirani yako? Pochi ile pale." Nikachukua, nikaondoka, na njia nzima nafikiria miaka yote ambayo yeye alikuwa anakuja kwangu anasema "naomba hela ya hiki" na mimi nauliza ya nini, shilingi ngapi, juzi si nilikupa. Sikuwahi kumwambia pochi ile pale. Yaani hata siku moja.

Nisiseme kwamba tuliishi kama malaika lakini. Mwezi wa 5 nikiwa sina la kufanya nilikaa na laptopu nikatengeneza jedwali la matumizi ya nyumba, na rangi zake, nyekundu palipozidi, nikamwita nikamwonyesha kama ninavyomwonyesha meneja. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema "baba watoto, hapa sio ofisini, na huo unga ulioupaka rangi nyekundu umeula wewe." Tukanuniana siku nne. Sasa hivi tunacheka ila siku zile hapakuwa na wa kucheka.

Dada yangu ni nesi, akaniona ninavyokonda akanitumia orodha moja maarufu ambayo walitengeneza madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, mwaka 1967. Walichukua matukio 43 ya maisha wakayapa alama kufuatana na yanavyomsumbua mtu kuyazoea, halafu ukijumlisha ya mwaka mzima unaona hatari yako ya kuugua. Kufiwa na mwenza ndio juu kabisa, alama 100. Kilichonichekesha ni kwamba kufukuzwa kazi ni 47 na kufunga ndoa ni 50, maana yake siku yangu ya harusi ilinitikisa kuliko siku ya kile chumba cha mikutano, na nikikumbuka vizuri hawajakosea sana. Likizo yenyewe ina alama, 13. Hata raha inachosha mwili.

Mhasibu akipewa orodha ya namba atafanya nini, nikajumlisha. Kufukuzwa 47, maana "hiari" haimo. Hali ya kifedha kubadilika 38. Kuhamia kazi ya aina nyingine 36. Kugombana na mwenza kuliko kawaida 35, hapo nikaweka bila kubisha. Masaa ya kazi kubadilika 20, kujumuika na watu kubadilika 18, usingizi 16. Jumla 210. Wao walisema ukianzia 150 ushaingia kwenye hatari ya kati na ukifika 300 hali ni mbaya. Nikajiona afadhali. Ila kuna mstari mmoja ulinikalisha chini, kwenye orodha yao ya mwanzo waliandika "mke kuanza au kuacha kazi", alama 26. Mke tu. Mume wa kukaa nyumbani huku mke analipa kodi hawakumwandikia mstari wake kwenye matukio 43. Na kusubiri nako hakuna mstari. Ile ya kutuma maombi na kukaa unaangalia simu wiki sita, simu ikiita unakimbia unakuta ni mtandao wanakukumbusha salio lako, ile haina alama hata moja na mimi naapa ndio imenimaliza kuliko zote.

Maombi nilituma 58. Najua kwa sababu niliyaorodhesha. Walionijibu 9, intavyuu 4, na kwenye intavyuu ya mwisho waliniuliza kwa upole kwa nini mtu wa uzoefu kama wangu anaomba nafasi ya chini, kijana wa pembeni aliyekuwa anaandika majibu yangu alikuwa anakosea kuandika "reconciliation" na mimi naona kutoka nilipokaa, nikamsahihisha. Hawakunipigia.

Sasa useremala. Naomba mlielewe hili vizuri, sikuwa na ndoto ya useremala. Hakuna babu aliyeniachia msumeno. Nilienda kwenye karakana moja kufuatilia kitanda cha mtoto ambacho kilikuwa kimechelewa wiki tatu, kila nikipiga fundi anasema kesho kaka, kesho kaka, kimebaki kupigwa vanishi. Nikafika kitanda hakijaanza hata kukatwa. Nikakaa pale nimevimba, namsubiri nimseme, na katika kusubiri nikaona madeni yake ameyaandika kwa penseli kwenye vipande vya plaiwudi vimeegemezwa ukutani. Nani kalipa nusu, nani bado. Nikamuuliza hivi ndivyo unavyotunza hesabu? Akasema ndio, halafu akasema kwa huzuni kabisa kwamba kuna kipande kimoja alishakikata kwa bahati mbaya akakiweka mgongoni mwa kabati la mteja, na hilo kabati limeshaondoka. Yaani kuna nyumba fulani kuna kabati, nyuma yake kuna madeni ya watu wanane.

Nilicheka, mara ya kwanza toka mwezi wa 3 nacheka mpaka machozi. Nikamwambia nipe daftari. Kufika jioni tulikuwa tumepata wadaiwa 14 kwa kukumbuka na kupigia watu simu, na wiki ile watano wakalipa. Hapo ndipo yalipoanza makubaliano yetu, hayajaandikwa popote, asubuhi nashika daftari lake, mchana ananifundisha. Yeye ana miaka 27. Mimi namwita fundi, yeye ananiita kaka, na vijana wengine pale wananiita mhasibu, "mhasibu lete gundi", "mhasibu shika huku". Mwanzoni nilikuwa naumia, nimekimbia jina limenifuata kwenye maranda. Baadaye nikakumbuka Nyerere aliacha kufundisha mwaka 1955 akaingia kwenye siasa moja kwa moja, akawa waziri mkuu, akawa rais, akastaafu, na mpaka anafariki mwaka 1999 watu wanamwita Mwalimu. Kazi aliyoiacha ndio iliyobaki na jina. Sijifananishi naye jamani, mimi nabeba gundi tu, lakini ilinituliza.

Mwezi wa kwanza nilipiga msasa. Msasa asubuhi, msasa jioni, vidole vikapoteza alama mpaka simu ikawa haifunguki kwa kidole. Kwenye status za watu kule kuna ule msemo wa siku 21, kwamba fanya kitu siku 21 kinakuwa tabia. Siku ya 21 nikaamka nikitegemea nimeshakuwa seremala, mgongo unauma vilevile, na bado naenda na shati la ofisini kwa sababu nguo nyingine sina. Nikaanza kutafuta hizo 21 zimetoka wapi. Kumbe zilitoka kwa daktari mmoja wa Marekani wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walikuwa wanahitaji kama siku 21 hivi, kwa uchache, kuizoea sura mpya kwenye kioo. Sura, sio tabia, na alisema kwa uchache. Watafiti wa London, Phillippa Lally na wenzake, waliopima kweli, wakatoa matokeo mwaka 2010, walichukua watu 96, wakapata wastani wa siku 66 na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, kuanzia 18 mpaka makadirio ya siku 254. Na hayo yalikuwa mambo ya kunywa maji, kula tunda, mazoezi kidogo. Mimi nilikuwa najaribu kubadilisha jibu la "upo wapi".

Niwaambie ya droo, halafu naelekea mwisho.

Kazi ya kwanza niliyofanya peke yangu toka kukata mpaka kumaliza ilikuwa kabati dogo la droo mbili la binti yangu. Nililifanya kipindi cha jua kali. Sasa mimi nimelelewa kwenye sifuri, kwa mhasibu tofauti ikiwa sifuri ndio raha ya dunia, kwa hiyo nikazirandaranda zile droo mpaka zikakaa ndani ya nafasi yake bila kuachia hata unene wa karatasi. Unasukuma inaingia taratibu na hewa inatoka kwa sauti ya pfff. Fundi akaangalia akasema "kaka, umebana." Nikasema ndio nimebana, angalia. Akasema "haya." Namna alivyosema ile haya ningekuwa na akili ningeuliza.

Mvua ilipoanza droo zikagoma. Binti anavuta, kabati zima linamfuata. Ya chini ikakwama na daftari za shule ndani na ilikuwa siku ya mtihani, asubuhi, mimi nipo chini nimeshika patasi nasali, mke wangu kasimama mlangoni kavaa viatu anaangalia saa. Nikaitoa kwa nguvu, nikapasua kishikizo.

Nilivyomsimulia fundi hakucheka sana, akanionyesha kwa kidole kwenye kipande cha mbao. Mbao hairefuki wala haifupiki kwa unyevu, yaani kidogo mno, ila kwenye upana inavimba na kusinyaa kila hali ya hewa ikibadilika, hata kama mti ulikatwa miaka kumi iliyopita. Pembeni mwa droo mbao imelala kwa urefu, kwa hiyo kinachovimba ni kimo cha droo, inapanda juu inakamata. Ukitengeneza kipindi cha ukavu lazima uache nafasi ya mvua ambayo hujaiona. Akachukua randa, akatoa maranda mawili matatu membamba juu ya ukingo, akairudisha, ikaingia kwa kidole kimoja. "Sasa hapa kiangazi utaona imeachia, usije ukaniambia imeharibika." Miaka 11 nimelipwa kuziba nafasi kama ile.

Mwezi huu wa 12 nikasema na mimi nifanye tathmini ya mwaka kama watu. Nikaandika kwa kumbukumbu kwanza, ukurasa mmoja, ikatoka stori nzuri sana Mhariri, mngeichapa. Nimeondoka kazini, nimehangaika kidogo, mwezi wa 8 nikaingia karakana, nikapata amani. Halafu ile tabia ya ukaguzi ikanipanda, nikasema tuone vielelezo, nikafungua meseji zangu za mwaka mzima nikaanza kusoma toka mwezi wa kwanza. Msifanye hivyo kama mna presha.

Kumbe mwezi wa 9, ule niliouandika "amani", nilimtumia bosi wangu wa zamani meseji tatu kuomba nirudishwe hata kwa mkataba wa miezi mitatu. Moja nimeituma saa nane na dakika arobaini usiku. Sikumbuki kuituma. Hakujibu hata moja, na kwenye ile ya tatu nimemaliza na "samahani kwa usumbufu mkuu" halafu nimeweka kile kikatuni cha mikono ya kuomba. Na kumbe mwezi wa 5, ule niliouandika giza tupu, nilimpeleka binti shule kwa miguu kila siku na kuna sauti yake alinitumia kwa simu ya mama yake ananieleza hadithi ya sungura dakika sita nzima. Nilikuwa nimeisahau yote. Kumbukumbu ilikuwa inapanga mwaka wangu ufanane na stori zenu, inatupa huku inapaka rangi kule.

Na kwenye daftari la mwezi wa 1, kabla ya yote, nimeandika mpango wa miaka mitano, na wa kwanza kabisa ni kuwa mhasibu mkuu, nimepigia mstari mara mbili. Kuna watafiti, Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, mwaka 2013 walitoa matokeo ya watu zaidi ya 19,000, wa umri toka 18 mpaka 68, wakakuta kila umri watu wanakubali wamebadilika sana miaka kumi iliyopita halafu wanaamini kumi ijayo hawatabadilika sana. Wanaona wamefika. Mimi na ule mstari wangu nilioupigia mara mbili ningeingia kwenye utafiti huo bila foleni.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri. Sisemi mziache hizo stori, watu wanazipenda na mimi nitaendelea kuzisoma. Nasema mwandishi wenu akikaa na huyo mtu aliyekunja mikono amuulize swali moja tu la ziada, kile kipindi cha katikati kodi alikuwa analipa nani? Mtaona majibu. Wengine watasema mke, wengine mume, mama mzazi, kaka aliyepo mbali, wengine walikuwa na akiba ya miaka mitatu, wengine hawakulipa walihamishwa usiku. Huyo aliyelipa kodi ndio nusu ya habari na picha yake hamjawahi kuiweka. Kijana aliyepo kwenye ajira anasoma anaona kuacha kazi ni ujasiri tu, anaacha, mwezi wa tatu anajiona yeye ndio mjinga peke yake duniani maana kwenye gazeti hakuna mwezi wa tatu.

Na ikiwezekana mara mojamoja mchape mtu ambaye hajamaliza. Sina maana mimi, mimi nimeshajieleza vya kutosha na mke wangu ameisoma hii barua akafuta sehemu mbili. Nina maana yule aliyepo kwenye maombi ya 30, aliyerudi kwa wazazi, aliyeanza kozi hajui kama atamaliza, aseme tu nipo hapa, hiki kimeshindikana, hiki bado sijui. Msimuulize ana ushauri gani kwa vijana.

Mimi mwenyewe nafunga mwaka na salio kwenye sasipensi. Hela ninayopata karakana haifiki nusu ya ile ya zamani, nimepata wateja wanne wangu mwenyewe, mmoja hajalipa na deni lake nimeliandika kwenye daftari sio kwenye plaiwudi. Kuna ofisi imeniita mwezi wa 1 kwa mazungumzo ya kazi ya uhasibu wa nusu siku na sijaamua, fundi anasema nenda, mke wangu anasema uliza kwanza wanalipa lini.

Najua chini ya barua huwa mnaweka jina la msomaji na kazi yake. Jina nimewaandikia pembeni, msilitoe. Kwenye kazi nimeacha wazi, ikibidi pajazwe wekeni seremala, ila fundi kaniambia mkiweka hivyo mwongeze na "anajifunza" kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa simu droo za watu zikigoma.